Barua ya wazi kwa viongozi wa mji wetu: binti yangu sio mkalimani wenu

Kwa Mheshimiwa Meya,
Waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Jiji,
Mkuu wa shule za wilaya yetu,
Na uongozi wa hospitali tunayotibiwa sisi wa mitaa hii,

Salamu zenu wote. Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Fizi, Kongo, nimekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, Tanzania, na nimefika hapa Marekani na familia yangu mwaka 2016. Baadhi yenu mnanijua kwa sura maana ofisini kwenu nimeshakaa sana kwenye viti vya kusubiria. Nimewaandikia barua tatu kwa Kiingereza, nikisaidiwa na mwalimu mmoja mstaafu tunayesali naye. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili mkasema imepokelewa. Ya tatu mkasema mnathamini maoni yangu, na tangu hapo ni miezi 7 kimya.

Hii ya nne naiandika hadharani, na naiandika kwa Kiswahili. Sio kwa kuwadharau, Mungu anajua. Ni kwa sababu kwa lugha hii naweza kusema jambo langu lote bila kulipunguza, na pia nataka wenzangu waisome kabla yenu ili kama kuna mahali nimekosea wanirekebishe. Naomba mtafute mkalimani aliyesomea kazi hiyo awasomee. Msimpe mtoto wa mtu.

Maana shida yenyewe ndo hiyo. Kwenye mji huu watoto wetu wamegeuzwa wakalimani wa wazazi wao, hospitalini, shuleni, kwenye madirisha ya ofisi zenu, na inatokea kila siku kwa sababu hakuna ofisi hata moja iliyowahi kukaa ikatuuliza vizuri nyumbani kwetu tunaongea nini. Naeleza moja moja.

1. Siku binti yangu alipotafsiri

Mwaka jana mwezi wa tatu nilikuwa na mimba ya miezi minne, nikaona damu. Mume wangu alikuwa shifti, kwa hiyo nikaenda hospitali na binti yangu mkubwa, wakati huo ana miaka 11, yeye alikuwa amefunga shule siku hiyo. Tulikaa pale nje masaa mawili na nusu kabla ya kuitwa. Nataka muikumbuke hiyo masaa mawili na nusu kwa sababu nitairudia.

Tukaingia chumba cha altrasaundi. Kwenye kona kulikuwa na ile tableti yenu ya kwenye kistendi cha magurudumu, ile ya kumpigia mkalimani kwa video, waya wake umezungushwa vizuri juu, haijachomekwa popote. Niliinyooshea kidole. Nesi akacheka kwa upole tu, akasema kitu, binti yangu akaniambia, "Mama, anasema mimi naongea vizuri sana, hakuna haja."

Daktari akaangalia skrini muda mrefu. Alafu akaongea, sentensi fupi, akimwangalia binti yangu badala ya kuniangalia mimi. Mtoto akanyamaza kidogo, akaniambia: "Mama, anasema mtoto hana moyo."

Nikauliza hana moyo vipi, amelemaa? Atafanyiwa upasuaji akizaliwa? Akauliza. Daktari akaongea tena, safari hii maneno mengi, ameinamisha kichwa. Na mtoto wangu akarudisha neno moja tu: "Anasema samahani. Mama, anasema samahani." Akaanza kulia, na mimi ndo nikaelewa kwa machozi yake.

Mapigo ya moyo hayakusikika, ndicho daktari alichosema. Kwa Kiswahili ni maneno manne tu, lakini mtoto wa darasa la tano ameanza shule yake yote hapa kwenu, hayo maneno angeyapata wapi? Mpaka leo kuna usiku anakuja kusimama mlangoni kwangu ananiuliza, mama, ningesema vizuri wangemuokoa? Nimemwambia hapana mara nyingi sana. Hajaniamini bado.

Waheshimiwa, hili sio swala la roho nzuri tu. Sheria ya afya ya mwaka 2010, kifungu cha 1557, na kanuni zake, inasema hospitali inayopokea pesa ya serikali kuu itoe mkalimani anayeijua kazi, bure, na isimtegemee mtoto chini ya miaka 18 kutafsiri isipokuwa ni dharura na mkalimani hapatikani hapohapo. Mimi nilikaa masaa mawili na nusu nje. Kistendi kilikuwa hatua tatu kutoka kitandani.

2. Karatasi ya dawa na saa nane

Baba mkwe wangu ana sukari. Alikuwa mwalimu wa katekisimu kule Uvira, Kiswahili anasoma bila miwani. Alipotoka hospitali alipewa karatasi ya dawa, imetafsiriwa Kiswahili, tukafurahi kweli, tukasema sasa wametukumbuka. Ile karatasi ilisema ameze kidonge kimoja saa 8 asubuhi na kimoja saa 8 usiku.

Kila anayesoma barua hii kwa Kiswahili ameshaelewa kilichotokea, lakini kwa ajili yenu naeleza. Sisi saa tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Saa moja asubuhi ndo 7:00 ya kwenu, saa mbili ndo 8:00. Saa nane usiku ni 2:00 ya usiku wa manane. Na "saa nane asubuhi" haipo kabisa katika Kiswahili, kwa hiyo mzee alikaa akaitafakari, akaona lazima wanamaanisha saa nane ile ile ya usiku unaoelekea asubuhi, daktari amesema mara mbili kwa kusisitiza. Akatega alamu. Akawa anaamka saa nane usiku anameza vidonge vyote viwili kwa pamoja, tumbo halina kitu. Siku ya nne mume wangu katoka kazini akamkuta amekaa chini jikoni, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, hajui yuko nchi gani. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya.

Karatasi hiyo ilitafsiriwa na programu, hakuna binadamu aliyeipitia. Mswahili yeyote, hata kijana wa sekondari, angeona kosa kwa sekunde mbili. Kwenye barua yangu ya pili niliwawekea nakala yake, nimezungushia kalamu nyekundu hapo kwenye saa.

3. Sio kila aliyetoka Kongo anaongea Kiswahili

Hapa nitakuwa mfupi. Mama yangu mzazi anaongea Kibembe. Kiswahili anakijua cha sokoni, cha salamu na kupatana bei. Mume wangu ni Mfuliiru. Jirani wa kushoto wanaongea Kinyarwanda, wa juu yetu ni Warundi, na kuna familia ya Kinshasa ambao ni Kilingala na Kifaransa. Kwenye kompyuta zenu wote tumeandikwa Kiswahili.

Alafu hata hicho Kiswahili kina tofauti. Siku moja mama alipewa mkalimani kwa simu, dada wa pwani, mpole, Kiswahili chake kimenyooka kama cha redio. Mama hakushika hata nusu. Sisi wa kule mashariki wengi tunasema lopitali, tunasema munganga, vitu vingi tunavitaja kwa neno la Kifaransa. Mama alifanya wanavyofanya wazee wetu wote wakiwa mbele ya mtu mwenye cheo: akaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kwenye faili ikaandikwa mgonjwa ameelewa. Nawaomba mjue kitu kimoja, kwetu hiyo ndiyo ya mzee ni adabu. Ukitaka kujua kama ameelewa mwambie akurudishie alichosikia.

4. Ile fomu ya shule

Mkuu wa shule, hii ni yako. Ukimwandikisha mtoto unapewa fomu ya lugha ya nyumbani, inauliza mtoto alianza kuongea lugha gani, nyumbani mnatumia lugha ipi zaidi, na maswali mengine ya hivyo. Ni karatasi ndogo lakini ndiyo inaamua kama mtoto atapimwa Kiingereza chake na kupewa msaada au ataachwa aelee mwenyewe.

Fomu yenyewe tunapewa kwa Kiingereza. Hakuna anayetuambia ni ya nini.

Mimi niliandika Kifaransa. Kwanini? Kwa sababu Nyarugusu shule zetu zilifuata mtaala wa Kongo, tulisoma kwa Kifaransa, na mimi nikadhani wanauliza lugha ya masomo. Toka siku hiyo barua za shule zinakuja kwa Kifaransa, mimi nasoma kwa kubabaisha na mume wangu hasomi kabisa. Nimeomba mara mbili wabadilishe. Bado zinakuja.

Mwenzangu mmoja, yeye aliandika Kiingereza mistari yote. Alisikia kwa watu kwamba ukiandika lugha nyingine mtoto anatiwa darasa la wajinga. Mtoto wake miaka 9, ametoka kambini hana hata miezi miwili, akakaa darasani nusu mwaka mzima kimya bila mwalimu wa lugha. Baadaye mama akaitwa kwamba mtoto huenda ana tatizo la akili, wanataka kumpima, na kipimo wakampimia Kiingereza! Mtoto huyo kwa Kiswahili anakupigia hesabu ya chenji kichwani kabla hujatoa simu mfukoni. Sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, ile wanayoiita IDEA, inataka apimwe kwa lugha itakayoonyesha kweli anachokijua. Mama wa watu hakujua, alisaini.

Mahakama Kuu ya nchi hii ilishasema mwaka 1974, kesi ya Lau na Nichols, watoto wa Kichina wa San Francisco, kwamba kumpa mtoto asiyejua Kiingereza vitabu vilevile na mwalimu yuleyule na kumwacha hapo sio usawa. Ni zaidi ya miaka 50 sasa.

5. Mnavyotuhesabu

Ofisini kwa jiji niliambiwa idadi yetu ni ndogo mno, takwimu hazionyeshi hitaji. Nikaomba kijana wa maktaba anionyeshe hizo takwimu, na namshukuru, alikaa na mimi mchana mzima.

Kumbe sensa kubwa ya kila miaka 10, ya 2010 na ya 2020, haikuuliza lugha kabisa. Lugha inaulizwa kwenye uchunguzi wa kila mwaka, American Community Survey, ambao unapelekwa kwa nyumba chache tu, kama milioni 3.5 nchi nzima. Unauliza kama mtu anaongea lugha nyingine nyumbani, ni ipi, na Kiingereza anaongea vizuri sana, vizuri, si vizuri, au haongei kabisa. Mtu mmoja ndo anajaza kwa niaba ya nyumba nzima. Kwangu ingekuja ingejazwa na mwenye Kiingereza kuliko wote, na huyo ni nani? Ni mtoto. Na mtoto akiulizwa kama baba yake anajua Kiingereza atamtetea baba yake.

Alafu kwenye meza zao za takwimu sisi tumewekwa kapu moja linaloitwa Kiswahili au lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini. Humo yumo Mbembe, Mrundi, Mlingala, Mzulu, Mshona. Mnatazama kapu, mnaona namba, hamuwezi kujua hata mmoja wetu anaelewa nini. Na kwa miaka mingi mwongozo wa kutafsiri nyaraka muhimu ulikuwa asilimia 5 ya watu mnaowahudumia au watu 1,000, ile iliyo ndogo kati ya hizo. Sasa kama hesabu yenyewe ni ya kapu na ni ya kukisia mtafikaje kwenye huo mstari? Kongo ndo nchi iliyoongoza kuleta wakimbizi Marekani mwaka 2016, zaidi ya watu 16,000 mwaka huo mmoja, na 2019 ikaongoza tena. Wengine wamekuja kukaa hapa kwenu, mnatuona, mnatuajiri.

Najua mtakayosema

Mtasema Kiingereza sasa ndo lugha rasmi. Kweli, Rais alisaini amri tarehe 1 Machi 2025, na ikafuta ile ya mwaka 2000 iliyohusu wasiojua Kiingereza. Lakini amri hiyohiyo inasema hailazimishi ofisi yoyote kubadili huduma inazotoa. Na sheria ya haki za raia ya 1964 inakataza ubaguzi wa asili ya mtu, haikufutwa. Kifungu cha 1557 hakikufutwa. Msijifiche hapo.

Mtasema hela hakuna. Mimi sio mhasibu, lakini baba mkwe wangu kwa ajili ya hiyo saa nane alilazwa siku tatu. Siku tatu za kitanda na mkalimani wa dakika 15, nyie mnajua bei zake kuliko mimi.

Mtasema wajifunze Kiingereza. Hili linaniuma kuliko yote kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tunajifunza. Tunataka. Darasa la watu wazima la bure lipo moja, ni la asubuhi, na jina langu lilikaa kwenye orodha ya kusubiri karibu mwaka. Mimi nafanya kazi usiku ghalani, napakia maboksi mpaka alfajiri, mume wangu yuko kiwanda cha nyama, pale kelele za mashine mtu husikii hata jina lako. Tulipofika hapa ule msaada wa kupokelewa ni wa siku 90, baada ya hapo kodi ya nyumba ni yako, kwa hiyo mtu anachagua kazi, sio darasa. Kiingereza cha kazini ninacho, nikiambiwa ongeza kasi naelewa, nikiambiwa hilo boksi sio hapa naelewa, muda wa kupumzika umeisha naelewa. Lakini nani ghalani angenifundisha neno la mfuko wa uzazi? Hata mtoto mwenyewe, walimu wanajua hili, Kiingereza cha kucheza uwanjani anakipata mwaka mmoja au miwili, cha vitabuni kinachukua miaka mitano na zaidi. Mkimsikia anaongea puani kama wa hapa mnadhani amefika, bado hajafika.

Na nchi yenyewe inalijua hili. Kwenye kuomba uraia, mwenye miaka 50 aliyekaa na makaratasi ya ukazi miaka 20, au mwenye 55 aliyekaa miaka 15, hapewi mtihani wa Kiingereza, anajibu maswali ya uraia kwa lugha yake kupitia mkalimani. Kama mzee anaweza kuapa kuwa Mmarekani kwa lugha yake, kwanini asielezwe kidonge chake kwa lugha yake?

Tunachoomba

Kwanza, hospitali iweke amri ya maandishi, kwenye ukuta wa kila chumba, kwamba mtoto hatafsiri. Hata mzazi akisema sawa. Mzazi anasema sawa kwa sababu anaogopa kurudishwa nyumbani. Na zile tableti zichomekwe kwenye umeme kila siku, kuwe na mtu ambaye hiyo ni kazi yake.

Pili, karatasi yoyote ya dawa ipitiwe na mtu anayeongea lugha hiyo kabla haijatolewa, na saa iandikwe kwa namna zetu: saa mbili asubuhi, alafu pembeni 8:00 a.m. Mkitaka msaada wa hili tuko tayari hata kesho.

Tatu, fomu ya shule isijazwe na mzazi peke yake kaunta. Akae na mkalimani dakika 10, aelezwe kwamba jibu lake halimshushi mtoto wala haliulizi makaratasi yake ya uhamiaji. Waliojaza vibaya tuitwe tujaze upya. Na yule mtoto wa miaka 9 apimwe tena, kwa Kiswahili.

Nne, jiji lituhesabu lenyewe. Makanisa yapo, msikiti upo, mtuulize kila nyumba: bibi anaongea nini, baba anaongea nini, mtoto anaongea nini, na nani kati yao anaweza kusoma. Msiandike lugha moja kwa kila mlango.

Tano, madarasa ya Kiingereza ya jioni na ya wikiendi, na mahali pa kuacha watoto wadogo.

Tunaomba jibu kwa maandishi ndani ya siku 30, na mkutano mmoja pamoja nanyi wote wanne, wenye wakalimani wa Kiswahili, Kibembe, Kinyarwanda, Kirundi na Kilingala. Ukumbi wa kanisa letu mtaupata bure.

Namba yangu ya simu mnayo, iko chini ya zile barua tatu. Huwa natoka kazini alfajiri, kwa hiyo naomba mpige kuanzia saa tisa mchana, yaani 3:00 p.m. Mkipiga akapokea mtoto, mwambieni tu aniite.

Wenu kwa heshima,
Mama mkazi wa mji huu